Je, cheti cha mwaka mmoja cha chuo cha jamii kitanipa leseni ya fundi wa viyoyozi?

Swali: Mwalimu, salaam. Nina miaka 36. Ufundi wa friji nilifundishwa na mjomba wangu Uvira, Kongo, nikauendeleza katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tangu 2022 ninaishi Louisville, Kentucky, pamoja na mke na watoto wanne. Usiku ninapanga vifurushi ghalani. Chuo cha jamii cha hapa kina masomo ya cheti katika viyoyozi, lakini ndugu mmoja wa kanisani ananiambia nisipoteze muda, kwani kuna shule binafsi inayomaliza kila kitu kwa miezi michache na mkopo wake unapatikana siku hiyohiyo. Je, cheti cha chuo kitanipa leseni? Nichague kipi? Na je, niache kazi ya usiku?

Jibu: Ndugu yangu, salaam nimezipokea. Naanza na swali la leseni kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi kabla hawajalipa hata senti moja. Chuo cha jamii hakitoi leseni ya ufundi wa viyoyozi, na hiyo shule binafsi haitoi vilevile, hata kama tangazo lake limeandikwa kwa namna ya kukufanya uamini hivyo. Nchini Marekani fundi wa fani hii hukusanya karatasi tatu kutoka milango mitatu tofauti, na anayejiandikisha shuleni bila kuzitenganisha kichwani mwake huja kushangaa siku ya mahafali anapoambiwa kwamba bado hajaruhusiwa kufanya kazi peke yake.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha chuo chenyewe. Hiki kinathibitisha kwamba umekaa darasani na karakanani kwa krediti kadhaa, yaani vipimo vya wingi wa masomo, na kufaulu. Huko Louisville chuo cha umma kinachohusika ni Jefferson Community and Technical College, ambacho kiliundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha chuo cha jamii na chuo cha ufundi vilivyokuwa vikienda kila kimoja na njia yake, na ni kimoja kati ya vyuo 16 vya mfumo wa jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Katika mfumo huo vyeti hupandiana: krediti za cheti kifupi huhesabiwa katika cheti kirefu zaidi, na hizo nazo huhesabiwa katika shahada ya miaka miwili iwapo baadaye utaitaka. Kwa mtu mwenye watoto wanne jambo hili ni la thamani kubwa, kwa sababu ukilazimika kusimama katikati, ulichokwisha kusoma hakipotei.

Karatasi ya pili ni ya serikali kuu. Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi kinamtaka kila anayefungua mfumo wenye gesi ya kupoozea awe na kadi inayotokana na mtihani uliokubaliwa na EPA, yaani Wakala wa Ulinzi wa Mazingira, na sharti hili limekuwapo tangu Novemba 1994. Mtihani una sehemu ya msingi na sehemu tatu za aina ya mitambo, ambazo ni vifaa vidogo kama friji za nyumbani, mitambo ya shinikizo la juu ambamo viyoyozi vya nyumba na maduka huingia, na mitambo mikubwa ya shinikizo la chini. Kila sehemu ina maswali 25, na ili kufaulu unatakiwa upate 18. Anayefaulu sehemu zote nne hupewa kadi ya jumla, ambayo haina tarehe ya kuisha. Ukipenda unaweza kuifanya kesho bila kupita chuo chochote, lakini vyuo vingi huiweka ndani ya masomo, na ninakushauri uulize kama ada ya mtihani imo katika ada ya kozi.

Ya tatu ndiyo leseni uliyoiulizia, na mwenye kuitoa ni jimbo. Kentucky ina utaratibu ulio wazi: fundi husajiliwa kwanza kama mwanagenzi, yaani anayejifunza kazini, katika Idara ya Nyumba, Majengo na Ujenzi, hufanya kazi kwa angalau miaka 2 chini ya fundi mkuu mwenye leseni, kisha hufanya mtihani wa kupanda daraja la fundi kamili, ambalo kwenye fomu utaliona limeandikwa journeyman. Baada ya kulitumikia daraja hilo ndipo huweza kuwania leseni ya fundi mkuu, inayomruhusu kuwa na kampuni yake. Zingatia kwamba saa ya miaka hiyo 2 huanza kuhesabu siku ya kusajiliwa, si siku ya kuhitimu chuo. Nimewaona vijana waliosubiri wamalize masomo yote ndipo wajisajili, wakapoteza mwaka mzima ambao ungehesabiwa, ilhali wenzao waliopata kazi ya usaidizi katika muhula wa kwanza walikuwa tayari nusu ya safari.

Tena leseni hiyo ni ya jimbo husika. Ukivuka daraja la mto Ohio kutoka Louisville kwenda Jeffersonville, mwendo wa dakika chache kwa gari, umeingia Indiana, ambako fundi bomba anapewa leseni na jimbo lakini wa viyoyozi hapewi, bali huachwa kwa masharti ya miji na kaunti. Kwa hiyo ndugu wa kule Texas au Ohio akikueleza jinsi alivyopata yake, msikilize kwa adabu, kisha uende kusoma masharti ya Kentucky.

Sasa tuzungumzie ufundi wenyewe, maana barua yako inaonyesha wewe si mgeni wa kazi hii, na hapo ndipo nina neno refu kidogo.

Ujuzi wa Uvira una faida kubwa. Anayejua kwa sikio kwamba kompresa imekwama, anayeshika bomba la kurudisha gesi na kuhisi kama ubaridi wake ni wa kawaida, ana kitu ambacho mwanafunzi wa miaka 19 atakitafuta kwa muda mrefu. Hata hivyo mkono wako una mazoea mawili au matatu ambayo karakana ya hapa itayakataa. La kwanza ni la gesi. Fundi wa kwetu anayetaka kubadilisha kompresa hulegeza bomba, gesi ikapiga mluzi na kutoweka hewani, naye akaendelea na kazi. Hapa kitendo hicho kimepigwa marufuku tangu Julai 1992, faini yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola kwa siku, na gesi hutolewa kwa mashine ya kuinyonya na kuihifadhi kwenye mtungi. Sehemu kubwa ya maswali ya msingi ya mtihani wa 608 inahusu jambo hili, kwa hiyo mtu anayejibu kwa mazoea ya zamani hujiangusha mwenyewe.

La pili ni kuunganisha bomba za shaba. Bila shaka unajua kuziyeyushia fimbo ya shaba au ya fedha kwa moto wa gesi. Lakini moto ule ukiwaka huku ndani ya bomba kuna hewa ya kawaida, ukuta wa ndani huota magamba meusi ambayo baadaye hubanduka, hutembea na mafuta, na kuziba kijitundu cha kupunguza shinikizo. Mkufunzi atakutaka upitishe nitrojeni kidogo ndani ya bomba muda wote unapochoma, kisha atachukua kiungo chako, atakikata katikati kwa msumeno, na kukifungua mbele ya darasa. Shaba ikiwa inang'aa kama ilivyokuwa, umefaulu. Ikiwa nyeusi, unarudia. Sijaona somo lingine linalowanyenyekeza mafundi wazoefu haraka namna hiyo.

Kisha kuna kuondoa hewa na unyevu kabla ya kujaza gesi. Mafundi wengi tuliotoka nao nyumbani huwasha pampu kwa dakika 15, wakaangalia geji ya kawaida, sindano ikishuka chini ya sifuri wanaridhika. Hapa kipimo ni cha mikroni, yaani kipimo cha shinikizo dogo sana linalobaki ndani: mfumo hushushwa hadi mikroni 500 au chini yake kwa kipimio maalumu cha kidijitali, pampu hufungiwa nje, na fundi hukaa akiitazama namba. Ikipanda polepole na kutulia, kuna unyevu uliobaki. Ikipanda bila kusimama, kuna mahali panapovuja. Geji ya sindano haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo hata ungeikodolea macho mchana kutwa.

Yote haya yanafundishwa vizuri mahali penye vifaa, na ndiyo sababu ninawaambia wote wanaoniuliza habari za chuo waende kwanza karakanani kabla ya kwenda ofisi ya udahili. Omba kutembezwa wakati kuna darasa. Hesabu wanafunzi kwa kila mtambo unaofanya kazi. Wakiwa wanane wameuzunguka mmoja, wawili watashika na sita watatazama. Kisha uliza ni gesi gani iliyo ndani ya mitambo hiyo. R-22, gesi ya zamani ya kupoozea, haitengenezwi wala kuingizwa nchini tangu 2020 isipokuwa ile inayosafishwa upya, na tangu 2025 viwanda vya viyoyozi vya nyumba vimeihama R-410A, gesi iliyotumiwa baada yake, kwa kuwa inachangia mno joto la dunia, vikahamia R-32 na R-454B. Gesi hizi mpya zinaweza kushika moto kwa kiasi kidogo, hivyo zinadai vifaa vya kugundua uvujaji na utaratibu tofauti wa kufungua bomba. Mitambo ya zamani haina ubaya, kwani ndiyo utakayoitengeneza kwa miaka mingi ijayo, lakini karakana isiyo na hata mtambo mmoja wa gesi mpya inakufundisha nusu ya kazi.

Nikutahadharishe pia kwamba kinachowaangusha wanafunzi mara nyingi ni umeme. Kiyoyozi kilichogoma huwa kina kosa la umeme mara nyingi kuliko kosa la gesi: kapasita imekufa, waya umeliwa na panya, rilei haishiki. Chuo kitakufundisha kusoma mchoro wa saketi na kufuata volti hatua kwa hatua kwa mita, jambo ambalo mafunzo ya kwa mjomba hulipitia juujuu. Vilevile nusu ya kazi ya Kentucky ni ya majira ya baridi, yaani matanuri ya gesi asilia yanayopasha nyumba joto, na hayo hukuwahi kuyahitaji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Kuhusu fedha, njia ya kwanza ni fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo ni ya bure na hujazwa upya kila mwaka. Kwa fomu hiyo serikali huamua kama unastahili ruzuku ya Pell, ambayo hairejeshwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 ni dola 7,395. Mtu mwenye familia ya watu sita na mshahara wa ghalani aghalabu huwa upande wa wanaopata. Kiasi unachopokea hufuata wingi wa krediti, kwa hiyo ukisoma krediti 6 badala ya 12 utapata takriban nusu. Ukiwa umekwisha kupata kadi ya mkaazi wa kudumu, uliza pia kuhusu ufadhili wa jimbo uitwao Work Ready Kentucky, unaolenga vyeti vya fani zenye uhaba wa watu, ujenzi ukiwamo, na ambao hulipa ada inayobaki baada ya ruzuku nyingine kutumika.

Hapo nasimama kidogo kwenye ghala lako, maana hukunitajia ni la nani. Kama ni la UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, Louisville ina mpango wa Metropolitan College ulioanza mwaka 1998, ambao kwa huo kampuni na jimbo huwasaidia wafanyakazi wa zamu ya usiku kulipa ada katika chuo hichohicho cha Jefferson. Una masharti yake ya muda wa kazi na ya ukaazi, kayaulize kazini kabla ya kuandika barua ya kuacha. Ingekuwa jambo la kusikitisha kuacha kazi inayokulipia shule ili upate muda wa kusoma kwa mkopo.

Ama shule binafsi ya miezi michache, siwezi kuihukumu bila kuijua, na zipo zinazofundisha vizuri. Ninachokihofu ni ule mkopo wa siku hiyohiyo. Miaka kadhaa iliyopita alinijia baba mmoja wa rika lako, mzungumzaji wa Kiswahili, akiwa na mkoba wa karatasi alizozitia saini kwa Kiingereza asichokielewa. Alidhani amepewa ruzuku. Katika karatasi zile ruzuku ilikuwamo kweli, imetumika yote, na chini yake kulikuwa na mikopo miwili, mmoja wa serikali na mwingine wa kampuni yenye riba ambayo sikuipenda. Alipotaka kuhamia chuo cha umma aliambiwa krediti zake hazipokelewi, akaanza upya akiwa na deni. Tena ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa ukamilifu, hivyo aliyoitumia kule haikurudi. Kumbuka pia kwamba minyororo mikubwa ya shule za aina hiyo imewahi kufunga milango ghafla: Corinthian mwaka 2015 na ITT mwaka 2016, wanafunzi wakabaki na madeni waliyoyapigania kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mwambie ndugu wa kanisani akupe jina la shule, uliandike katika tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, uone wahitimu wake wanadaiwa kiasi gani na wanalipwa kiasi gani, kisha uandike la chuo cha umma ulinganishe. Waulize wote wawili swali moja kwa maandishi, kwamba mafunzo yao yanahesabiwaje katika miaka 2 ya uanagenzi ya Kentucky, na jibu lao ulipeleke kwenye idara yenyewe ukalihakikishe. Ukiona wanakwepa kuandika, umeshajibiwa. Jambo moja zaidi: kuanzia Julai 2026 sheria mpya inaruhusu ruzuku ya Pell kulipia hata mafunzo mafupi ya wiki 8 hadi chini ya 15, ilimradi yameidhinishwa na gavana wa jimbo na yametimiza viwango vya kuhitimu na kuajiriwa. Tarajia matangazo mengi yatakayojipamba kwa jina la ruzuku hiyo, na usiamini neno idhini mpaka umeliona katika orodha ya jimbo.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja, nao ni uanagenzi uliosajiliwa, wa chama cha wafanyakazi au wa kampuni. Huko unalipwa mshahara huku ukijifunza, kwa kawaida saa 2,000 za kazi kwa mwaka pamoja na darasa la saa zipatazo 144. Chama cha mafundi bomba na viyoyozi huendesha mafunzo ya miaka 5. Kwa mtazamo wangu huu ndio mlango bora kuliko yote kwa mtu mwenye familia, lakini una foleni, una usaili, na una mtihani wa hesabu na kusoma kwa Kiingereza. Omba mwaka huu hata kama unaanza chuo. Ukikubaliwa, muhula mmoja wa chuo hautakuwa umekudhuru.

Umeandika barua yako kwa Kiswahili safi, nami sijui Kiingereza chako kikoje, lakini mtihani wa jimbo husomwa kwa Kiingereza, na hapo wengi hukwama ingawa mikono yao ni hodari. Jimbo la Washington lina mfumo uitwao I-BEST ambao humweka mwalimu wa lugha na mkufunzi wa ufundi katika darasa moja, na vyuo vya majimbo mengine vimeiga kwa namna mbalimbali. Uliza kama chuo chako kina kitu cha jinsi hiyo. Ikiwa vyeti vyako vya sekondari vilibaki Kongo, usiogope pia: upo utaratibu unaomruhusu asiye na cheti cha sekondari kupata msaada wa masomo akijiunga na mpango unaounganisha elimu ya watu wazima na ufundi, au unaweza kufanya kwanza mtihani wa GED, unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari.

Kuhusu mapato, takwimu za serikali za mwaka 2024 zinaonyesha fundi wa viyoyozi wa kati alipata dola 59,810 kwa mwaka. Fundi wa kati maana yake nusu yao walipata pungufu, na mwanagenzi wa mwaka wa kwanza yumo katika nusu hiyo. Usipange kodi ya nyumba kwa kutumia namba ya fundi wa kati. Na leseni ya udereva iliyo safi huwa na uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kampuni humkabidhi fundi gari la kazi, na bima ikimkataa hakuna cheti kitakachomwokoa.

Basi, kazi ya usiku. Nisingeiacha sasa. Fahamu tu kwamba krediti ya karakana hula muda kuliko ya darasani: somo la krediti 4 lenye vitendo linaweza kukudai saa 6 hadi 8 kwa wiki chuoni, mbali na kusoma nyumbani. Anza na masomo mawili, moja la misingi ya upoozaji, ambalo utalimudu kwa sababu ya Uvira, na moja la umeme, ambalo litakutoa jasho. Yachague ya mchana wa mapema au ya jioni kulingana na saa unazolala, wala usiyapange ya alfajiri ukitoka zamu. Karakana ina moto wa gesi na umeme wa volti 240, na mtu mwenye usingizi hatakiwi karibu na vyote viwili. Muhula ukiisha salama, fanya mtihani wa 608, tafuta kampuni ndogo yenye fundi mkuu atakayekusajili kama mwanagenzi hata kwa siku tatu kwa wiki, na siku hiyo ndipo ukae na mama watoto mpige hesabu ya kuaga ghala.